Mondo Mweusi

Miaka kumi na tisa nimewapandisha wageni mlimani,
nikasimamisha gari pale pale, nikanyoosha kidole pale pale,
nikanong'ona: "Kimya. Hapa ndipo hupita mondo mweusi."
Hajapita.
Wageni ni watu wa heshima; bakshishi hutoa hata hivyo.

Jumapili hii nimeazima gari la kampuni, lile la paa la kuinuka,
nimempakia mama kutoka Umoja, ghorofa ya tatu,
na chupa yake ya chai, na viazi vilivyochemshwa na maganda,
na binti yangu Nyakio, ambaye masikio yake ni mali ya simu.
Saa kumi na moja alfajiri Nairobi inajinyoosha:
mlinzi wa benki kalala, rungu mapajani,
na taa zote za Barabara ya Waiyaki
zinamwangazia mbwa mmoja asiye na haraka.

Rironi, ukungu.
Baada ya Rironi, ukungu na wauza sungura,
wamewashika masikio, wanawapunga kama bendera.
Mama akasema: "Wanyama si hao? Tumewaona. Turudi."
Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tukapinda kulia, tukapita Njabini na kabichi zake za samawati,
barabara ikaanza kupanda, ikawa mawe, ikawa tope.
Langoni askari akatukatia tiketi.
Mama akaigeuza, akaisoma nyuma na mbele:
"Zamani tulipigwa tukiingia. Leo tunalipa tukiingia.
Haya. Ni hatua."

Mianzi ikatuachia njia, kisha miti ikakoma ghafla,
kukabaki nyasi za mafundo, baridi, na mbingu karibu mno.
Nyati watano. Nikampa darubini, nikaanza wimbo wangu wa kazi:
uzito wake, umri wake, hasira zake.
Hakuishika darubini.
"Yule wa nyuma anaumwa. Hatikisi sikio, na nzi wamemjaa."
Nikatazama. Kweli.
Miaka yote hii mimi nilikuwa nawahesabu tu.

Kisha akauliza kwetu ni upande gani.
Nikamwonyesha mashariki, ng'ambo ya kilele.
"Kule mamangu alichimba handaki," akasema,
"walichimbishwa, ili chakula kisiwafikie watu wa msituni.
Mimi nilikuwa nampelekea uji, na ukifika umepoa.
Kumbe nilijua uso tu wa mlima huu.
Leo ndio nauona mgongo."
Nyakio akatoa kisikilizi kimoja sikioni.
Baadaye kidogo akatoa cha pili.

Pancha ilitupata karibu na kijito.
Nikaingia chini na jeki, mvua ikinidondokea shingoni,
nati ya tatu imeshika kutu, nailaani kwa sauti ndogo
kwa sababu ya mama.
Ndipo nikasikia kimya.
Kutoka chini kule niliona tope, gurudumu,
na viatu vya mama vya kanisani,
vilivyokuwa vikikanyagakanyaga kwa baridi,
vimesimama tuli.

Nilipotoka, nyasi zilikuwa zinajifunga.

"Umepiga picha?" nikamuuliza Nyakio.
"Nimesahau," akasema, mikono mitupu, macho makubwa.
Mama akamenya kiazi.
"Mweusi kama chungu cha mekoni. Masikio hayo!
Amepita kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji,
akatutazama, akaona hatudaiwi,
akaenda zake."

Jioni, Kangemi ikituwakia taa zake moja moja,
alikuwa amelala, maganda yamefungwa kwenye leso
asije akachafua gari la watu.

Jumatatu nilipanda tena na wageni sita.
Pale pale. Kidole kile kile.
Mmoja akauliza, wewe mwenyewe umewahi kumwona?
Nikaizima injini.
"Mamangu amemwona," nikasema,
na kwa mara ya kwanza
wakanyamaza bila kuambiwa.